Dhambi ya Nola na Macho Yetu



Muhula uliopita wenzangu wa hosteli walikuwa wakitazama tamthilia ya Kimarekani, She's Gotta Have It. Spike Lee aliitoa Netflix mwaka 2017 kutokana na filamu yake ya 1986. Nola Darling ni msichana Mweusi, mchoraji wa Brooklyn. Ana wapenzi watatu, na hamdanganyi yeyote: kila mmoja anajua kuwa wengine wapo.

Hukumu yangu ilikuwa tayari. Hiyo ni zinaa, na haramu haigeuki halali kwa kutangazwa. Msimamo huo sijauacha.

Lakini usiku mmoja Nola anatembea kurudi nyumbani, mwanamume asiyemjua anamsemesha, kisha anamkamata mkono. Anajinasua. Baadaye anachora mabango na kuyabandika ukutani, akiyakataa majina machafu ambayo wanawake huitwa barabarani. Aliyeichorea tamthilia sanaa hiyo, Tatyana Fazlalizadeh, alianza mwaka 2012 kubandika mabango yake mwenyewe ya kupinga udhia huo.

Mwenzetu mmoja akasema, "Mwanamke kama huyo alitarajia nini?" Tukacheka. Nami nilicheka.

Usingizi ulipokataa kuja, nililikumbuka benchi letu la langoni. Baada ya Isha tunakaa pale, na dada akipita hakosi neno. Yupo mmoja wa darasani kwetu, anavaa hijabu yake vizuri, ambaye siku hizi huzunguka nyuma ya maktaba. Yeye alikosa nini?

Hapo niliona kosa la swali letu. Surat An-Nur, aya ya 30, inawaamuru wanaume waumini wainamishe macho. Amri kwa wanawake inafuata katika aya ya 31. Yetu haikuwekewa sharti kwamba anayepita awe mchamungu. Nola atajibu yake mbele ya Mola wake, nami nitaulizwa yangu. Dhambi ya mtu si ruhusa ya kumdhulumu. Tukisema ni ruhusa, basi ni nani kati yetu atakayesalimika njiani?

Nilimwomba radhi yule dada. Alisema "Sawa," akaendelea na safari yake. Bado anapitia nyuma ya maktaba, wala simlaumu.

Ndugu zangu wa kiume, tukikemea zinaa, na tuikemee. Ila tuanze na lile benchi.

Wabillahi tawfiq.