Mbwa Yupi Aingie Nyumbani Mwetu?



Wiki chache zilizopita, baada ya sala za jumuiya ndogo ndogo, bwana mmoja na bibi yake walibaki nyuma wakiningoja. Nilipouona uso wa yule bibi nilidhani ni mambo ya pesa au ya wakwe, maana hayo ndiyo yanayoniletea wageni wengi. Kumbe ni mbwa.

Walikuwa wamekwenda kwenye makao ya wanyama wapate mbwa mmoja kati ya wale waliookotwa barabarani au kuachwa na wenyewe. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miwili. Bwana alimpenda mbwa mmoja mkubwa aliyejikunyata kwenye kona, mwenye kovu la waya shingoni. Bibi alimtaka jike mmoja wa makamo aliyekuja mwenyewe kwenye wavu akainusa mikono ya mtoto, kisha akalala chini. Walibishana mpaka wakarudi mikono mitupu, na siku ile walipokuja kwangu walikuwa hawasemezani vizuri. Bwana akaniuliza: "Katekista, wewe hutufundisha kuwatanguliza wanyonge. Je, si kosa kumpita mwenye shida kuliko wote, na kumchukua yule ambaye angechukuliwa na mtu yeyote?"

Swali hilo si la mchezo. Sikulijibu palepale, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya.

Ilikuwa mwaka 2016. Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka mitatu. Nilipita mahali walipokuwa wakiwatunza mbwa waliotupwa, nikamwona mmoja ambaye kila mtu akimkaribia alijificha nyuma ya wenzake huku mkia ameuficha kati ya miguu. Moyo uliniuma. Waliniuliza kama nina watoto wadogo, nikasema ninao lakini ni watulivu. Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtoto wa miaka mitatu aliye mtulivu? Nilikodi gari, kwa maana hakuna makanga aliyekubali kunipakia, nikafika nyumbani jioni. Mama watoto alijua kwamba tuna mbwa aliposikia anabweka. Nilimpa habari, sikumwomba shauri.

Wiki ya tatu mtoto alipita karibu na sufuria ya mbwa, akainama kuokota kipande cha ugali kilichoanguka. Mbwa akamuuma shavuni. Hakumshikilia, alimuuma mara moja tu akarudi nyuma, lakini shavu la mtoto ni dogo. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kama inavyotakiwa, tukampeleka hospitali saa ileile, akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Alipona. Alama ingali ipo. Mke wangu hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Usiku, watoto walipolala, aliniuliza hivi: "Baba, ulimhurumia mbwa. Sisi tulikuwa wapi?"

Basi hapo ndipo mahali pa kuanzia. Huruma ni jambo jema, lakini kila huruma ina gharama, na ni lazima tuulize ni nani atakayeilipa. Nilipomchukua yule mbwa, mimi nilipata ile furaha ya kuwa mtu mwema. Kazi ya kumpikia na kufagia uchafu wake ilikuwa ya mke wangu, na hatari ilikuwa ya mtoto ambaye hakuweza hata kukataa. Huwezi kutoa sadaka kutoka mfuko wa mwenzako halafu ukasema umetoa wewe.

Bwana yule aliponiuliza juu ya yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja, nilimwambia asome vizuri: alimbeba mabegani mwake mwenyewe. Hakumbebesha mkewe. Bibi alicheka, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka siku ile.

Kuna mwingine anayelipa, nasi twamsahau, ndiye mbwa. Baada ya ajali ile nilimrudisha. Alipoliona lile gari alipanda haraka, akidhani labda tunakwenda matembezi. Mbwa aliyeachwa mara moja ameumia; aliyeachwa mara mbili hupata shida kubwa zaidi kupata nyumba, kwa sababu sasa ameandikwa kwamba ameuma mtoto. Kumbe alikuwa anafanya nini? Alikuwa mbwa mwenye njaa ya zamani akilinda chakula chake. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Nilimchukua kwa kumhurumia, nikamwacha katika hali mbaya kuliko ile niliyomkuta nayo. Kwa hiyo kumpita mbwa ambaye huwezi kumtunza inavyofaa si kumdharau. Mara nyingine ndiyo haki unayoweza kumtendea: unamwachia nafasi mtu asiye na watoto wadogo, mwenye muda na subira.

Tena tusidhani kwamba yule mpole hana shida. Naye ameachwa. Naye analala kwenye wavu. Kila anayetoka huacha nafasi ya mwingine aliyeko barabarani akipigwa mawe.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwenyewe. Hapa Kenya chama kinachojulikana sana kwa kazi hii ni KSPCA, chenye makao Karen, Nairobi. Chama hicho kilianza mwaka 1910, kwa hiyo si jambo geni nchini, ingawa wengi wetu tulikua tukijua kwamba mbwa hupewa na jirani. Faida ya makao mazuri ni kwamba watunzaji wamekaa na mbwa. Wanajua nani ana hasira wakati wa kula, nani huogopa wanaume, nani hupenda watoto. Waulizeni hayo, na nyinyi mkiulizwa juu ya nyumba yenu msidanganye kama mimi. Ulizeni kama amechanjwa kichaa cha mbwa, kama amepewa dawa ya minyoo, na kama amefungwa uzazi. Minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaocheza mchangani, na chanjo ya kichaa si ya mara moja katika maisha. Hurudiwa, hapa kwetu kwa kawaida kila mwaka.

Watoto wengi hulilia kijibwa kichanga. Wazazi nao hudhani kwamba mdogo kwa mdogo watakua pamoja. Mimi siwashauri hivyo wenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Kijibwa huuma-uma kila kitu kwa meno kama sindano, hukojoa ndani, hulia usiku, na hujui atakuwa mbwa wa tabia gani. Mama mwenye mtoto anayenyonya atakuwa na watoto wawili wasiolala. Mbwa mzima wa miaka miwili au zaidi tabia yake imekwisha kuonekana. Rangi na ukubwa si kitu sana. Kuna mbwa mkubwa anayetembea kati ya watoto kama ng'ombe mzee, na kijibwa kidogo kikali kama siafu. Wala msimdharau mbwa wa kienyeji. Huyu wetu wa rangi ya udongo mara nyingi huwa na afya imara na akili nyingi.

Nendeni na watoto, tena zaidi ya mara moja. Simameni kimya mwone. Mbwa anayefaa huja mwenyewe, mwili umelegea, mkia unacheza pamoja na kiuno, na mtoto akipiga kelele hushtuka kidogo kisha hurudi. Mbwa anayeganda kama jiti, anayegeuza uso hata weupe wa macho ukaonekana, anayeramba midomo wakati hakuna chakula au kupiga miayo bila usingizi, huyo anawaambia kwamba anaogopa. Si mbaya, lakini anaomba nafasi, na mtoto wa miaka miwili hajui kumpa mtu nafasi.

Jambo moja watu hulikosea sana. Mbwa akinguruma, humpiga. Kunguruma ni kuonya. Ukimpiga hata akaacha kuonya, utakuwa na mbwa anayeuma bila kusema. Mwondoe mtoto kwanza, halafu ujiulize ni kitu gani kilichomsumbua mbwa.

Bwana wa nyumba, sasa nasema nawe. Wengi wetu tukisema mbwa tunafikiria wezi. Tunataka mbwa mkali wa kufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, na hapohapo tunataka awe rafiki wa watoto. Mambo hayo mawili hayapatani. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana wote hupata uchungu na hofu, na mtoto anayekaribia mnyororo huo yuko hatarini. Mbwa anayeishi na watu hubweka vizuri tu mgeni akifika langoni, kwa sababu nyumba ameipenda. Kwa nyumba ya kawaida hiyo yatosha. Ukitaka ulinzi zaidi, tengeneza lango.

Nawe bibi, ukiwa hutaki mbwa, sema. Usikubali kwa kununa, ukingoja lije jambo baya ndipo useme "si nilikwambia." Nimeona nyumba ambapo mbwa alikuwa njia tu ya kugombana juu ya mambo mengine. Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, msemezane: ni nani atakayeamka kumfungulia, ni nani atakayepika chakula chake, na pesa za daktari wa mifugo zitatoka wapi mwezi wa Januari wakati wa karo. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi. Mmoja akisema hapana, ni hapana kwa wakati huo, na watoto wasitumiwe kumlainisha. Kuwaambia watoto kwanza, ili mwenzako aonekane mbaya akikataa, ni hila, hata kama mwisho wake ni mbwa mzuri.

Najua wako watakaosema: mbwa ale na mtoto wa jirani alale njaa? Katekisimu ya Kanisa, iliyotolewa mwaka 1992, imegusa pande zote mbili. Inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu tunaowiwa wema, na kwamba kuwatesa bure si heshima kwa mwanadamu. Lakini pia inatukataza kuwatumilia fedha zilizopasa kwanza kuwaondolea watu taabu, na kuwapa upendo unaowastahili watu tu. Kwa hiyo mbwa wako hahitaji chakula cha dukani. Ugali na matumbo yaliyochemshwa vinamfaa, maji safi kila siku, wala usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa kwa maana huvunjika na kumchoma ndani. Katika kitabu cha Tobiti kijana Tobia anapoanza safari yake na malaika, mbwa anafuatana nao. Hatuambiwi jina lake wala alifanya nini. Alikuwapo tu, na safari ilikuwa ya watu.

Akifika nyumbani, mpeni kona yake ambayo watoto hawaingii. Siku za kwanza anaweza kukataa kula au kulala tu. Msimlazimishe, wala msiwaite majirani kumtazama. Wafundisheni watoto mambo machache: asiguswe anapokula, asiamshwe anapolala, asikumbatiwe shingoni. Sisi huona kukumbatia ni mapenzi, yeye huona amefungwa. Na juu ya yote, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mliyemzoea miaka mitano. Watoto wadogo wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanaomjua, tena usoni au kichwani, kwa sababu ndipo penye kimo cha mdomo wake. Mbwa akimuuma, hata kama amechanjwa, fanyeni kama tulivyofanya: sabuni, maji mengi, hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikianza, karibu hakuna anayepona.

Mwaka 2018 tulikwenda tena, safari hii mimi na mama watoto pamoja. Yeye ndiye aliyechagua. Ni jike wa umri wa miaka kama minne wakati ule, sikio moja limekatika, hana uzuri wowote. Sasa amezeeka na analala mlangoni, na kitinda mimba, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akipiga kelele akiona mbwa, ndiye anayempelekea maji.

Nilimweleza yule bwana haya yote. Akanyamaza, kisha akauliza yule mbwa wangu wa kwanza aliishia wapi. Nikamwambia kwamba sijui. Nilikuwa na haya ya kupiga simu. Bibi yake akasema kwamba wao watauliza juu ya yule mwenye kovu, kila mwezi, mpaka wasikie amepata mtu. Jumamosi iliyopita walikwenda kumchukua yule jike.