Nimejaribu, Inafaa

Hakuna neno tamu kwa mtu wa bustani kama hili: "Nimejaribu mwenyewe, inafaa." Pita kwenye matuta ya mchicha hapa Dar es Salaam utalisikia. Huyu anasifu majivu, yule majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, mwingine pilipili na sabuni. Ukiuliza amejuaje, anakuonyesha matuta mawili: hili lilinyunyiziwa, lile halikunyunyiziwa. Si unaona mwenyewe, bwana?

Swali langu ni moja: mtu akishaona kwa macho yake, ana haki ya kumwambia jirani naye afanye hivyo hivyo?

Wasomi watasema hana, na hoja yao si ya kupuuza. Matuta mawili hayawi sawa kamwe. Moja limepata kivuli cha mpapai, jingine liko jirani na kisima. Na anayechagua tuta la kunyunyizia ni nani? Ni yule yule anayetamani dawa yake ishinde! Mkono hufuata moyo. Ndiyo maana Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alisisitiza kwamba jaribio lirudiwe katika vipande vingi vya shamba, na kura ndiyo iamue kipande kipi kipate nini. Kura haina mpenzi.

Lakini ngoja kwanza. Utafiti unataka fedha, na majivu ya jikoni nani atapata faida kuyauza? Kwa hiyo tukiambiwa "hakuna ushahidi," tuulize: yalipimwa yakashindwa, au hayakupimwa? Hayo ni mambo mawili. Tena mwarobaini una kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kujivua gamba. Hilo limethibitishwa. Ila kiasi chake hutofautiana mti kwa mti, mbegu huwa nayo nyingi kuliko majani, na jua huiharibu. Maabara ikipima dawa ya chupa, bado haijaipima ndoo ya mama wa mtaani.

Basi nani mkweli? Mimi naona jambo hili ni la deni. Nikijaribu kwa ajili ya sufuria yangu, matuta mawili yananitosha. Dawa ikigoma, nitakula mboga yenye matundu. Nikimshauri jirani ambaye mchicha ndio unaomlipia kodi ya nyumba, deni limepanda. Hapo sina budi kusema yote: matuta mangapi, mara ngapi, mvua ilinyesha lini. Naye mtaalamu hali kadhalika, aseme alichopima na asichokipima.

Adabu ya maabara haihitaji maabara. Lima matuta sita, yapange mawili mawili. Kila jozi, rusha shilingi kuchagua lipi linyunyiziwe. Kisha mwite mtu asiyejua ulichofanya, ahesabu yeye majani yaliyoliwa. Gharama yake ni jasho tu, na ujasiri wa kupokea jibu usilolipenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa "nimejaribu, inafaa," usimcheke mtu wala usikimbilie kumwamini. Muulize kwa upole: na lile tuta lililokataa, liko wapi?