Kwinini na Majina Yake

Wanangu mnaosomea famasia na kemia, najua mnakesha mkikariri majina ya dawa ili mfaulu mtihani. Karirini, sikatazi. Ila mjue kwamba jina la dawa lina ukoo wake, na ukoo huo hauandikwi kwenye pakiti.

Chukueni kwinini. Sisi tuliougua malaria kabla ya dawa mseto twaijua vizuri: uchungu unaong'ang'ania kooni, na masikio yanavuma kana kwamba umeinamia mzinga wa nyuki. Jina lake limetoka milima ya Andes, kwa Wakechua, ambao gome la mti huliita kina. Mwaka 1820, huko Paris, Pelletier na Caventou waliitenga dawa yenyewe kutoka kwenye gome, nayo ikarithi jina la gome. Hapo walitenda haki, nami nawaheshimu kwa hilo.

Mti wenyewe haukupata bahati hiyo. Mwaka 1742 Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, aliuita Cinchona kwa heshima ya Kontesa wa Chinchón, mke wa mtawala wa Kihispania nchini Peru. Ilisimuliwa kuwa bibi huyo aliponywa homa na magome yake. Wanahistoria walipopekua kumbukumbu za mtawala huyo, hawakuona habari yoyote ya tiba hiyo. Tena Linnaeus aliidondosha herufi h ya kwanza, na mpaka leo haijarudishwa.

Linaloniuma zaidi ni la Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia. Yeye ndiye aliyeijua misitu, akitambua kwa macho mti upi una kwinini nyingi. Alikusanya mbegu akampelekea mwajiri wake, Mwingereza Charles Ledger. Mwaka 1865 Waholanzi walizinunua, wakazipanda Java, na baadaye sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ikatoka huko. Mamani alipotumwa mbegu tena alikamatwa, kwa kuwa kuzitoa nchini kulikatazwa. Alipigwa vibaya, akafa. Mti ule ukapewa jina la Cinchona ledgeriana, jina la aliyemtuma.

Siwaambii mlifute jina hilo, maana sayansi ina utaratibu wake. Nawaomba jambo moja tu: siku mtakapokuwa walimu, mkiandika ledgeriana ubaoni, andikeni na Mamani pembeni yake, muwaeleze wanafunzi alikuwa nani na alikufaje.