Kishikio cha Upinde wa Babu

Kijana mmoja hapa Chapwa alituletea upinde aliouchonga marehemu babu yake. Kishikio chake humuumiza kiganja, naye akauliza: je, nikikichonga upya nitakuwa nimemkosea babu?

Tulimjibu kwamba si kosa. Babu aliuchonga kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mwanamume hujitengenezea upinde wake. Mkono unaoumia nao una haki yake.

Lakini kuna upande usioguswa. Upinde uvutwapo, mgongo wake, yaani upande unaoelekea windo, hutanuka, na nyuzi za mti ndizo zinazoushikilia. Ukizikata, upinde utavunjika. Kwa hiyo kwanza azungushie kishikio ngozi laini. Isipotosha, akwangue pembe za ubavuni kidogo kidogo, akijaribu kila mara, kwa maana mti ukishaondolewa haurudi.

Sisi wenyewe ujanani tuliuchonga wa baba kwa pupa. Ulikatika, na baba hakusema neno. Ukimya ule tunaukumbuka hata leo.

Ndivyo zilivyo desturi tulizorithi. Nyingine zinatuumiza bure, na ni halali kuzilainisha. Nyingine ndizo mgongo wa nyumba. Mkono unaouma hauwezi kuzipambanua. Basi, ndugu, kabla ya kushika kisu tujiulize: hapa panapotuuma, pamebeba nini?