Je, Yafaa Kuikata Nguo ya Madhabahu?

Swali hili lilitujia katika usharika mmoja wa Rungwe, nasi twaliweka mbele yenu, maana lahusu mambo makubwa kuliko nguo.

Palikuwa na sanduku lenye nguo za kitani zilizotandikwa madhabahuni zamani. Akina mama waliokwisha kulala katika Bwana ndio waliozitarizi misalaba na maua. Wamoravian na wamisionari wa Berlin walipofika nchi hii mwaka 1891, wanawake wetu walikuwa wakivaa magome ya miti. Binti zao walijifunza sindano misioni pamoja na kusoma. Kwa hiyo kila ua lilikuwa ushuhuda. Lakini kitani kilikuwa kimechakaa, na nondo wameanza kazi yao.

Wanawake wakaomba ruhusa wakate sehemu zilizo nzima, wazishone ziwe mfarishi wa kuwafunika wagonjwa. Kwani baridi ya Juni na Julai huku Tukuyu mwaijua. Wazee wakakataa, wakisema kilichowekwa wakfu hakikatwi. Mzee mmoja akakumbusha mfano wa Bwana wetu, ya kuwa kiraka kipya huirarua nguo kuukuu. Nasi, twakiri, tulisimama pamoja na wazee.

Mama mmoja akajibu kwa adabu: "Baba mchungaji, Bwana alinena habari za kitambaa kisichofuliwa. Kikifuliwa kwanza, hujikunja kabla ya kushonwa, wala hakirarui. Tena hatutii kiraka. Twalaza kitani juu, blanketi kuukuu katikati, na kitambaa kigumu cha pamba chini. Kisha sindano yapita katika vyote vitatu. Kilicho dhaifu hubebwa na chenye nguvu."

Tukanyamaza, tukatafuta katika Maandiko. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, ijapokuwa Musa aliifanya kwa amri ya Mungu, kwa sababu watu waliifukizia uvumba. Daudi alipoona njaa alipewa mikate mitakatifu, na Bwana Yesu hakumhukumu. Basi kitu kitakatifu chaweza kuharibiwa kwa njia mbili: kukidharau, na kukifungia hata kisimfae mtu. Ya kwanza twaiogopa. Ya pili twaiita heshima.

Hata hivyo wazee hawakukosa katika yote. Mwenye haraka na mkasi hukata na kumbukumbu. Bibi mmoja alilia alipouona mkasi, kwani ua moja lilikuwa kazi ya mama yake. Hatukumkemea. Tulimpa yeye mkasi. Akakaa nao kitambo, kisha akaonyesha pa kukata.

Wala wanawake hawakuchora mstari wa kufuata. Sindano ilizunguka kila ua, mkono ukiandama njia waliyoiacha marehemu, kisha ukaendelea kwa njia yake wenyewe. Hivyo ndivyo ipasavyo kupokea urithi: tusiufute, wala tusikomee pale ulipokomea.

Mfarishi ule haukai sandukuni. Huenda nyumba kwa nyumba, palipo na mgonjwa. Siku moja nao utachakaa, na wajukuu watakuwa na shauri lao.

Enyi waalimu na wazee, fungueni masanduku ya sharika zenu. Je, kuna nini ndani mnachowatunzia nondo, hali jirani yenu aona baridi?