Waraka wa Madina na Mapatano ya Mji

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba Mtume s.a.w. alipohamia Yathrib, mwaka 622 wa Masihiya, hakukuta mji wenye hukumu moja. Alikuta mbari mbali mbali, kila moja na ngome zake na mitende yake. Na Aus na Khazraj haikuwapitia miaka mingi tangu vita vya Buath, vilivyowamaliza wakubwa wao. Aliyeuawa hulipiziwa kisasi na jamaa zake, na aliyeua hufichwa na jamaa zake; basi damu haikukauka.

Mtume s.a.w. akaandika waraka baina ya Muhajirina na watu wa Yathrib, pamoja na Mayahudi waliofuatana nao. Nao ndio uitwao Sahifa, alioupokea Ibn Is'haq katika Sira.

Tazameni hekima yake. Hakuzivunja mbari. Alizitaja kwa majina yao, Banu Auf, Banu Saida, Banu Najjar na wenzao, na Muhajirina wa Kureshi wakawa kama mbari moja. Akawaachia kila watu mzigo wao: watoe dia kwa desturi yao, na wakomboe mateka wao kwa wema na uadilifu. Mayahudi wakabaki na dini yao na Waislamu na dini yao, kila upande na gharama zake, na wote wasaidiane juu ya adui.

Lakini mambo mawili aliyatoa mikononi mwa mbari. La kwanza ni ugomvi unaohofiwa kuleta fisadi: huo hurejezwa kwa Mwenyezi Mungu na kwa Mtume wake. La pili ni kumkinga dhalimu: mikono ya waumini wote iwe juu yake, ijapokuwa ni mtoto wa mmoja wao.

Na mizani hiyo imo katika madhhebu ya Imam Shafii. Aliyeua kwa kukosea, dia yake huchukuliwa na jamaa zake wa kuumeni, kwa muda wa miaka mitatu. Aliyeua kwa kusudi hawamchukulii. Dia ikitakiwa, hutoka katika mali yake mwenyewe. Basi ujamaa ni kusaidiana katika msiba, si kufichana katika dhulma.

Leo miji yetu ya pwani ina mabaraza na sheria zilizoandikwa. Na mtu hukaa barazani akalaumu watawala wa mji. Kisha mpwa wake akila mali ya wakfu, humfichia, na ndugu yake akijenga juu ya njia ya watu, hunyamaza. Huyo ameirarua sahifa ya mji wake kwa mkono wake. Khatti haimzuii dhalimu. Humzuia jamaa yake akataaye kumkinga.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na watoto wetu. Amin.