Sauti Ikatapo Maini

Waswahili husema kwamba neno baya hukata maini. Wangeweza kuutaja moyo, ambao nao umetwishwa mizigo yake, lakini wakalichagua ini, kiungo kilichojificha chini ya mbavu, kisichodunda wala kusikika. Jeraha la neno halitoi damu, na aliyelitia huweza kwenda zake mikono ikiwa misafi.

Leo sauti hulikata ini kwa maana iliyo wazi kabisa. Mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, isambaratishayo uvimbe wa ini kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyapati. Njia hiyo huitwa histotripsi. Mawimbi hupita kwenye maji, yakapenya ngozi bila kuidhuru, kisha yakakutana mahali pamoja. Hapo huzuka viputo vidogo mno, vikavimba na kupasuka kwa kufumba na kufumbua, na nyama ya uvimbe ikasagika kama uji ambao mwili huufyonza wenyewe. Uvimbe hauchomwi kwa joto, kama ilivyo katika tiba ya sauti iliyotangulia. Hakuna chale wala mshono. Hata hivyo mgonjwa hupewa nusukaputi, kwani ini hupanda na kushuka pamoja na pumzi.

Ni neema, na anayeibeza na akakae kwanza kando ya kitanda cha mtu aliyepasuliwa ini. Lakini kisu kilikuwa na adabu yake. Kilimtisha akishikaye na akatwaye, kikawalazimisha wote wawili kuulizana kama pana haja. Sauti haimtishi mtu, na lisilotisha huamuliwa upesi.

Katika majaribio yaliyofanyika Marekani na Ulaya, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024, wagonjwa walikuwa 44. Lengo la kuufikia uvimbe na kuufunika wote lilitimia kwa asilimia 95, nao wagonjwa watatu walipatwa na madhara makubwa. Kipimo hicho cha ufanisi kilichukuliwa ndani ya saa 36. Idhini yenyewe iliandikwa kwa uangalifu: mashine imeruhusiwa kuvunja uvimbe wa ini, ila mamlaka haikupima kama inatibu saratani au inarefusha maisha. Kuvunja uvimbe na kumponya mtu ni mambo mawili, na baina yake kuna miaka ambayo saa 36 haziwezi kuisemea.

Atatokea wa kujibu kwamba wengi wa wagonjwa hawa ini lao halipasuliki tena. Kuwadai subira ya miaka ni ukatili. Hoja hiyo ina uzito, nao wapewe tiba. Ila asiye na njia nyingine ndiye mwepesi zaidi wa kulewa na neno zuri. Tabibu amwambiapo, “Hapana kisu,” amesema kweli tupu, mgonjwa husikia, “Hapana hatari.” Pengo lililo kati ya kauli hizo mbili ni la tabibu kuliziba, tena kabla ya nusukaputi, maana baadaye mgonjwa atarudi nyumbani na ngozi nzima, na jamaa watakapomuuliza amefanyiwa nini, hatakuwa na kovu la kuwaonyesha, ila picha iliyopigwa na mashine nyingine.